Shilingi

Ukipita katika maduka ya Tunduma, kuanzia stendi hadi karibu na mpaka wa Zambia, utaona bei zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya vipande vya boksi: mchele 2,500/=, sukari 3,000/=, maharage bei ya msimu. Tumezoea alama ile ya mstari ulioinama na vistari viwili kiasi kwamba hatuioni tena. Lakini watoto huiona. Nimefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mwaka alikuwepo mmoja wa kunyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, na hivi vimistari ni vya nini?"

Alama ile ni mabaki. Waingereza walipokuwa wakiandika fedha zao kwa mtindo wa zamani walitumia herufi tatu: moja ya paundi, moja ya shilingi, moja ya peni. Herufi zenyewe hazikuwa za Kiingereza bali za Kilatini, na ile s tuliyodhani ni ya shilingi ilikuwa ya solidus, sarafu ya dhahabu ya Warumi. Makarani waliokuwa na haraka waliivuta ile s ikawa ndefu, ikanyooka, mwisho ikawa mstari ulioinama. Kistari kilichofuata kilisema kwamba hakuna peni juu yake. Sisi tukakirithi, tukakifanya viwili, ili kuonyesha kwamba hakuna senti. Basi mama anayeuza nyanya pale Tunduma, ambaye huenda hajawahi kusikia habari za Roma, kila asubuhi anaandika herufi ya Kirumi juu ya boksi lake. Na senti anazozikana kwa vile vistari viwili, mjukuu wake hajapata kuzishika.

Neno lenyewe, shilingi, lina umri mkubwa kuliko alama. Ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, na lina ndugu katika lugha zote za jamii ile. Wagoti wa karne ya 6 kule Italia walilitumia kuitaja ile solidus ya Warumi. Waskandinavia walikuwa nalo, na Austria walianza kulitumia kwa fedha yao mwaka 1925, wakaliacha noti na sarafu za Euro zilipochukua nafasi yake mwaka 2002. Kuhusu mzizi wake wataalamu hawajakubaliana. Wako wanaosema linatokana na neno lenye maana ya kulia, kama chuma kinavyolia kikianguka juu ya jiwe. Wengine wanasema ni kukata, yaani kipande kilichokatwa kutoka kwenye kitu cha thamani. Wengine wanalihusisha na ngao. Mimi binafsi napenda ile ya kukata, na sababu zangu nitazieleza baadaye.

La kushangaza ni kwamba kwa karne nyingi Waingereza waliitaja shilingi bila kuwa na sarafu ya jina hilo. Ilikuwa ni kipimo cha kuhesabia tu. Katika sheria za Mfalme Ine wa Wessex, zilizotungwa mwishoni mwa karne ya 7, imeandikwa kwamba kondoo jike pamoja na mwanawe ana thamani ya shilingi moja, hadi wiki mbili baada ya Pasaka. Msomaji, itazame sheria hiyo vizuri. Mfalme hasemi kwamba shilingi ni fedha ya uzito fulani. Anamtaja kondoo, tena anataja na msimu, kwa sababu anajua kwamba mwana-kondoo akikua hesabu inabadilika. Kwa wakati huo shilingi ya Wessex ilikuwa peni tano, na ya jirani zao wa Mercia ilikuwa peni nne. Neno moja, visiwa vilevile, na ukivuka mpaka linapungua. Watu wa Tunduma hawahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 shilingi ikawa peni 12, na paundi shilingi 20. Sarafu yenyewe ilikuja kupigwa karibu na mwaka 1500, katika enzi za Mfalme Henry VII. Kutoka hapo neno likaingia katika mambo mengine ya maisha. Kijana aliyejiunga na jeshi alipewa shilingi moja mkononi, na akiisha kuipokea ndiyo basi, yeye ni mali ya mfalme. Baba aliyemkasirikia mwanawe aliweza kumwachia katika wosia shilingi moja tu, ili mahakama isije ikasema mzee alimsahau. Alimkumbuka, na hiyo shilingi ndiyo ushahidi.

Kwetu shilingi ilikuja kwa amri. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake London, ili kuondoa rupia iliyokuwa ikitumika. Walijaribu kwanza sarafu iitwayo florini, ikashindwa upesi, na sarafu za kwanza za shilingi yetu zina mwaka 1921. Rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili, na wazee wangu waliendelea kuita shilingi mbili rupia hata nilipokuwa mtoto. Shilingi ile ilikuwa na simba mbele ya milima. Mpaka sarafu za mwaka 1948 zilipokuja, robo ya madini yake ilikuwa fedha halisi. Senti 10 ilikuwa na tundu katikati, na watu waliitunga kwenye kamba.

Hapa niseme neno kidogo juu ya hela, maana wajukuu zangu wanadhani ni Kiswahili cha tangu na tangu. Wajerumani walipotawala, mwaka 1904 waliigawa rupia yao katika heller mia moja, badala ya pesa 64 za awali. Sarafu ya heller ilikuwa ndogo, na jina lake lilitokana na mji wa Hall huko Ujerumani. Wajerumani wameondoka, rupia imekufa, kwao kwenyewe heller haitumiki, lakini jina la kasarafu kale limekuwa jina la fedha zote. Pesa nayo ilikuwa sarafu ndogo ya Kihindi. Fedha ni madini. Kwa hiyo tunapozungumza habari za fedha tunatembea juu ya makaburi ya sarafu, na hatujikwai.

Shilingi ilikuwa na ukali wake. Kodi ililipwa kwa shilingi, si kwa mahindi wala kwa mbuzi, na kwa sababu hiyo wanaume wa sehemu zetu walikwenda kuzitafuta zilipo: wengine Lupa, Chunya, kwenye dhahabu, wengine kuvuka mpaka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Aliporudi alinikalisha chini akanionyesha shilingi ya huko. Thamani yake ilikuwa sawa na yetu, zote mbili zikifuata paundi ya Uingereza, ishirini kwa paundi moja. Lakini yake iligawanyika katika peni 12, na yetu katika senti 100. Alinipa hesabu: kama andazi ni peni tatu kule, kwetu ni senti ngapi? Nikiwa mtoto wa darasa la tatu jambo lile lilinisumbua sana, kwamba vitu viwili vyenye jina moja na thamani moja vinaweza kuwa na matumbo tofauti.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966 na tukapata shilingi yetu wenyewe, moja kwa moja na ile ya Bodi. Upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Senti hamsini ilikuwa na sungura, senti ishirini mbuni, senti tano samaki. Wenzetu wa Zambia walichukua njia nyingine. Mwezi Januari 1968 waliacha paundi na shilingi wakaita fedha yao kwacha, ambalo kwetu ni kumekucha, na vipande vyake wakaviita ngwee, yaani mng'ao. Nakiri kwamba niliwaonea wivu. Wao walichagua neno kutoka vinywani mwa bibi zao, sisi tukabaki na la wafalme wa Wessex. Hata hivyo jina zuri halizuii fedha kushuka: mwaka 2013 ilibidi waondoe sifuri tatu, kwacha elfu moja za jana zikawa moja ya leo.

Waingereza wenyewe waliiacha shilingi tarehe 15 Februari 1971, na sarafu zake za mwisho zilikoma kutumika mwaka 1990. Siku hizi anayetaka kusikia neno hilo likitumika sokoni na aje Tanzania, Kenya, Uganda au Somalia. Nasi tumelifanyia kazi. Tunarusha shilingi kuamua nani aanze kupiga mpira, hata kama kinachorushwa ni kizibo cha soda. Tunasema tutazame upande wa pili wa shilingi, tukiwa na maana ya hoja. Na bungeni Dodoma, wakati wa bajeti, mbunge asiyeridhika husimama na kusema anashika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Waziri mzima, na wasaidizi wake nyuma yake, anahangaika kwa ajili ya shilingi moja! Nadhani hapo ndipo mahali pekee nchini ambapo shilingi haijashuka thamani hata kidogo.

Kwingineko imeshuka. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Leo ni zaidi ya elfu mbili. Sarafu ya shilingi moja haionekani, na konda wa daladala akikudai nauli hataji hata neno lenyewe, anataja jero au buku. Tumerudi kule kwa Mfalme Ine: tunaitaja shilingi na hatuna ya kuonyesha.

Yote haya yangekuwa mazungumzo ya wastaafu kama nisingeitwa, mwaka juzi baada ya msimu wa kahawa, katika kijiji kimoja upande wa Igamba, Mbozi. Niliitwa kwa sababu kulikuwa na karatasi, na mahali penye karatasi watu hutafuta mwalimu.

Karatasi ilikuwa imechanwa kutoka katika daftari la shule, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo wino umefutika. Ilikuwa ya mwaka 1964. Mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameweka rehani shamba lake la kahawa kwa jirani yake kwa "shs 200/=" ili akamilishe mahari ya mwanawe. Masharti yalikuwa mstari mmoja: siku atakayorudisha shilingi hizo, yeye au mtoto wake, atachukua kahawa yake. Dole gumba mbili, na jina la mwalimu wa dini aliyeandika. Tarehe ya mwisho haikuwekwa. Mzee hakuzirudisha, mwanawe naye hakuzirudisha, na wote wamefariki. Aliyekuja ni mjukuu, mtu wa miaka kama hamsini, mwenye magari ya mizigo hapa Tunduma. Shamba lilikuwa mikononi mwa mjane wa yule jirani, mama wa miaka zaidi ya themanini, aliyelilima tangu alipoolewa.

Mjukuu alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," akakaa, kisha akatoa mfukoni sarafu moja ya shilingi 200 akaiweka mezani. Ni ile yenye picha ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Nikakumbuka kwamba simba huyu zamani alikuwa kwenye shilingi moja.

"Karatasi inasema mia mbili," alisema. "Hiyo hapo mia mbili."

Mtoto wa mjane aliruka. Akasema kama ni mchezo na wao wanaujua, na kwamba shilingi za karatasi ile zilikuwa za Bodi ya mkoloni, mjukuu aende akazitafute zilezile, zenye simba na milima, mia mbili kamili. Vijana wakacheka. Wazee hawakucheka. Kama wangekwenda kwenye baraza la ardhi, yangezungumzwa mambo ya miaka kupita na haki kukoma, lakini pande zote mbili zilisema zinataka kumaliza nyumbani, kwa kuwa makaburi yao yamepakana.

Niliombwa nieleze. Nikawaambia kwamba mjukuu ameisoma namba lakini neno hajalisoma. Mia mbili ni ileile jana na leo, lakini shilingi iliyofuata namba ile ni ya siku ile. Nikawapa hesabu ya kwanza: mwaka 1964 shilingi 200 zilikuwa paundi 10 za Uingereza, na paundi ilikuwa dola 2.80, basi ni dola 28, ambazo kwa leo ni kama shilingi 70,000. Mjukuu akafurahi, akaanza kutoa pochi. Lakini dola yenyewe nayo siyo ya 1964, nikasema. Nayo ni neno. Tukipima kamba inayonywea kwa kamba nyingine inayonywea, hatujapima kitu.

Mjane alikuwa kimya muda wote, miguu ameinyosha kwenye mkeka. Akasema, "Mwalimu, unaniruhusu?" Nikamwambia, "Sema, mama." Akamgeukia yule mwenye magari.

"Shilingi zile nilizihesabu mimi, mume wangu alinipa nizifunge kwenye khanga. Babu yako alikwenda nazo mnadani akanunua mitamba wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa. Wakapelekwa ukweni. Ndio waliomleta mama yako. Wewe leo mama yako unamrudisha kwa bei ya andazi?"

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Mimi nilikuwa nikimfikiria Mfalme Ine na kondoo wake, na yule mwana-kondoo anayekua baada ya Pasaka. Mama huyu hakusoma zaidi ya kuandika jina lake, lakini alikuwa amekwisha kufika pale mfalme alipofika: anayetaka kujua shilingi ilikuwa nini aulize siku ile iliingia sokoni ikatoka na nini. Ndiyo maana naipenda ile asili ya kukata. Shilingi ni kipande kilichokatwa kutoka kwa kitu fulani, siku fulani, na kisu hakikati sawa kila siku.

Mazungumzo yalichukua siku mbili. Lilikuwepo jambo la miti: mibuni ya 1964 ilikwisha kung'olewa, na iliyopo aliipanda mjane na wanawe, wakaitilia mbolea na kuipunguzia matawi. Mjukuu alishikilia kwamba ardhi ni ya babu yake. Watoto wa mjane walishikilia kwamba kahawa ni ya mama yao. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na siku ya kwanza tuliachana jioni kwa hasira. Siku ya pili walikubaliana kwamba mistari iliyo karibu na nyumba ya mjane itabaki yake na watoto wake, iliyo kando ya barabara itarudi kwa mjukuu, na mjukuu atatoa kile ambacho shilingi 200 zilinunua. Ile sarafu ilikuwa bado mezani. Mtoto mmoja aliichukua akaenda nayo dukani, hakuna aliyemzuia.

Nikafungua daftari niandike mapatano mapya. Nilikuwa nimekwisha kuuliza bei ya mtamba katika mnada wa wiki ile, na kalamu ilikuwa juu ya karatasi, tayari kuandika shs, na mstari, na vile vistari viwili. Mjane akanyosha mkono akaniwekea juu ya daftari.

"Usiandike shilingi, Mwalimu. Atakayesoma hiyo karatasi hatujui atakuwa na shilingi gani."

Basi nikaandika mitamba wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa madoa. Yule mwekundu aliletwa kabla ya mvua. Wa madoa alisumbua kupatikana, akaja mwezi wa tatu, na mama alimzunguka mara mbili akimkagua kabla ya kukubali kumpokea kamba.